Mnaouza "Kithai kwa siku 30" bila kufundisha toni, rudisheni pesa za watu

Wakuu, salamu kwenu. Leo nina hasira na sitaficha. Naomba uzi huu usifungwe, maana watu wanaliwa pesa kila kukicha na hakuna anayesema.

Umeibuka mtindo wa kuuza "kozi ya Kithai" kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Wanaolengwa ni wanaokwenda Bangkok kufuata mzigo: watu wa nguo za masoko ya Pratunam na Bobae, na wale wa madini wanaopeleka mawe Bangkok na Chanthaburi. Unatuma 85,000 kwa simu, unapewa faili la PDF, sauti chache alizojirekodi "mwalimu" mwenyewe, na cheti. Cheti! Mdogo wangu alinunua. Nimelisoma lile faili mwanzo mpaka mwisho na nasema bila kumung'unya maneno: ule ni wizi.

Kithai ni lugha ya toni, yaani namna sauti inavyopanda au kushuka kwenye neno. Ziko tano: ya kati, ya chini, ya kushuka, ya juu na ya kupanda. Ukibadilisha toni umesema neno jingine kabisa, hata kama herufi zote ni zilezile. Sasa faili zima halina alama ya toni hata moja. Limeandika "klai", maana yake mbali. Mistari miwili chini limeandika tena "klai", maana yake karibu. Halafu linaendelea na somo la vyakula kana kwamba hakuna kilichotokea! Kwa Mthai hapo hakuna utata: mbali inasemwa kwa toni ya kati, sauti imenyooka, karibu sauti inaanzia juu inaporomoka. Mtu ameshuka usiku na mabegi yake, anauliza hoteli iko klai au klai, atajibiwa nini?

Na "suai". Faili linasema "nzuri, mrembo". Sawa, ukiipandisha sauti. Ukiinyoosha ni nuksi, mkosi. Dogo aliingia duka la jumla Pratunam asubuhi, mama mwenye duka ndiyo kwanza kauza, anazipigapiga noti za mauzo ya kwanza juu ya magauni yaliyotundikwa ili siku iwe na baraka. Wanaokwenda kule wanaijua desturi hiyo. Dogo akashika gauni, akatabasamu, akamwambia kwa sauti iliyonyooka, kama alivyofundishwa kwenye zile rekodi: suai, suai kha. Yule mama alisimama na noti zake mkononi akamtazama. Hakumfukuza, lakini bei ya jumla dogo hakuipata. Na hiyo "kha" mwishoni nayo ni balaa lingine. Ni neno la heshima ambalo wanawake ndio humalizia nalo sentensi. Mwanaume anasema "khrap". Mwanaume wa miaka 26 kafundishwa kuongea kama mwanamke na hakuna aliyemwambia, kwa sababu aliyerekodi zile sauti ni dada na hakuona haja ya kueleza.

Kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba lile faili limenakiliwa kutoka Kiingereza bila kufikiria kuwa msomaji ni Mswahili. Kithai kikiandikwa kwa herufi za Kilatini, "th" ni t yenye pumzi, "ph" ni p yenye pumzi, "kh" ni k yenye pumzi. Sisi tukiona "th" tunasoma ile ya thelathini. Tukiona "kh" wengi tunasoma ile ya sabalkheri. Mtu wetu anakwenda kusema Phuket anasema "Fuket", na mwalimu kwenye rekodi naye anasema "Fuket"! Ndugu zetu wa Mombasa na Lamu pumzi hiyo wanayo tangu utotoni, maana kwao paa la nyumba na p'aa wa porini hayatamkwi sawa. Ungewaelekeza hapo tu, wangeielewa mara moja. Vilevile ile ng' ya mwanzo wa neno, ambayo inawatoa jasho Waingereza, sisi tunayo kwenye ng'ombe. Nyoka kwa Kithai ni "ngu", unatamka ng'u, umemaliza. Faili letu linasema sauti hiyo "ni ngumu sana, ifanyie mazoezi wiki nzima". Ngumu kwa nani?

Kwenye hesabu ndiyo hasara kabisa. Wathai wana neno la elfu kumi, "muen", na wana neno la laki, "saen". Laki tunayo wenyewe kwenye Kiswahili, ingekuwa somo rahisi kuliko yote. Faili linafundisha laki kuwa "roi phan", yaani mia ya elfu, Kiingereza kitupu kilichovikwa nguo za Kithai. Mtu wa madini anatajiwa bei ya jiwe kwa saen, yeye anasubiri kusikia roi phan. Na kwenye nguo, maduka mengi Pratunam yanakupa bei ya jumla kuanzia nguo tatu. Unasema "sam tua": sam ni tatu, na tua ndilo neno la kuhesabia nguo, na wanyama pia. Watu wana lao, khon. Magari yana lao, khan. Sisi watu wa ngeli jambo hilo tungelielewa haraka. Halimo popote kwenye faili.

Nilimtafuta mwalimu nikamuuliza kuhusu toni. Akanijibu kwamba "sisi Waafrika toni hatuziwezi, ndiyo maana nimeziruka". Nilitetemeka. Kichaga kina toni. Kihaya, Kikikuyu, Kijaluo, Kinyarwanda, zote zina toni. Kiswahili ndicho kilichopoteza zake. Wanafunzi wako wengi wamelelewa ndani ya toni tangu kwa bibi zao, wewe unachukua pesa yao na kuwaambia hawana masikio!

Hizo siku 30 nazo zimetoka wapi? Taasisi ya Marekani inayofundisha lugha wanadiplomasia wao, Foreign Service Institute (FSI), inakipa Kithai wiki 44, saa 1,100 za darasani. Nakubali hesabu hiyo ni ya wazungumzaji wa Kiingereza, na mtu wa soko hahitaji Kithai cha ubalozini. Lakini hakuna hesabu yoyote ya kweli itakayokupa siku 30.

Walioko Bangkok nao waangalie. Kuna shule zinauza viza ya masomo, lugha ni kisingizio. Tangazo lao lote linaongelea muda wa kukaa, hakuna neno kuhusu namna wanavyofundisha. Kila ukiongeza muda unalipa baht 1,900 uhamiaji, na maafisa wa pale huwauliza wanafunzi maswali kwa Kithai. Wewe umekaa miezi na daftari la "klai" mbili.

Anayetaka kuchagua vizuri aangalie mambo mawili kabla ya kutoa hata senti. Kwanza, somo la kwanza lianze na sikio: usikilizishwe toni zote tano na mzawa, wa kiume na wa kike, urudie, usahihishwe. Pili, wakufundishe maandishi yao mapema. Najua herufi 44 za konsonanti zinatisha, na hawaachi nafasi kati ya maneno. Lakini toni imo humohumo kwenye maandishi: unaangalia konsonanti iko kundi lipi kati ya matatu, kuna alama ya toni au hakuna, irabu ni fupi au ndefu, silabi inaishia na sauti gani, unaipata. Herufi za Kilatini, hata zile za mfumo rasmi unazoziona kwenye vibao vya barabarani, haziandiki toni wala urefu wa irabu. Watoto wao wanaanza na ko kai, k ya kuku, kisha kho khai, kh ya yai. Mtu mzima anayepiga hesabu za kontena atashindwaje?

Na vya bure vipo. Kozi ya zamani ya hao hao FSI iko mtandaoni pamoja na sauti zake, imechakaa lakini toni zimo. YouTube kuna Comprehensible Thai, walimu wanaongea Kithai kitupu huku wanachora na kuonyesha vitu, kuanzia ngazi ya chini kabisa. Ni njia inayofanana na ile iliyoanza shule ya lugha ya AUA hapo Bangkok mwaka 1984, unasikiliza sana kabla ya kufungua mdomo. Kwa mfanyabiashara asiye na muda mimi naona peke yake haitoshi, ongeza mwalimu mzawa wa kukusahihisha. Ila ni bando tu, siyo 85,000.

Wewe uliyemuuzia mdogo wangu, najua uko humu na unasoma. Muamala ninao, rekodi zako ninazo. Rudisha pesa, na lile faili ulitoe kabla hujafungua kundi jipya mwisho wa mwezi. Na yeyote aliyeuziwa faili lenye "roi phan" ndani yake, aweke picha ya ukurasa huo hapa chini tujue tuko wangapi.