Msaada: ndege aitwaye mkesha mwenye kichwa cha chungwa wa India, mbona wa Kerala na wa Himalaya hawafanani?

Ndegemsitu
Wadau, habari za leo. Nina picha tatu za ndege wa chini ya msitu zilizopigwa India na nashindwa kuzipanga.

Picha 1, Kerala, Februari: kichwa na kidari rangi ya chungwa, koo jeupe, na kwenye shavu jeupe kuna mistari miwili ya weusi inayoshuka wima.
Picha 2, Uttarakhand, Mei: kichwa chote chungwa, shavu safi, mgongo wa bluu-kijivu. Mstari mweupe wa begani siuoni.
Picha 3, Tamil Nadu, Januari: shavu safi kama la Uttarakhand, ila mgongo umekaa kijivu cha zeituni.

Je, ni spishi mbili au tatu? Na mkiwa msituni mnaanzia kutazama wapi?

Kidari_Chungwa
Mkuu, ni spishi moja tu: *Geokichla citrina*, iliyopewa jina na Latham mwaka 1790. Kinachokuchanganya ni nususpishi zake, yaani makundi ya maeneo tofauti ndani ya spishi hiyo moja.

Anza na shavu, mgongo uuache kwanza. Yule wa Kerala ni *cyanota*, mkazi wa rasi ya India: koo na pande za uso ni nyeupe, na mistari miwili inashuka kutoka eneo la jicho, mmoja chini ya jicho, mwingine nyuma yake sikioni. Ukiiona hiyo mistari kwa uwazi, umemaliza. Yule wa Uttarakhand ni *citrina* yenyewe, anayezaliana kwenye vilima vya chini ya Himalaya: kichwa chungwa bila mistari.

Kosa la wengi ni kutumia ramani kama jibu. *Citrina* huhama. Baridi ikiingia Himalaya hushuka hadi kusini mwa India na Sri Lanka, kwa hiyo kati ya Novemba na Machi aina zote mbili zinaweza kuwa kwenye msitu mmoja. Picha 3 ni *citrina* mgeni wa majira ya baridi. Kama ingekuwa ya Julai mahali hapo hapo, ningekuomba picha nyingine kabla ya kukubali.

Mama Usambara
Naongezea kuhusu bega. Ule mstari mweupe ni ncha za manyoya madogo ya juu ya bawa. Ndege akijikunyata, manyoya ya mgongo na ya ubavuni huufunika kabisa. Kwa hiyo "siuoni" si sawa na "haupo". Tafuta fremu ambayo bawa limeshuka kidogo, au ndege anapogeuka, na uangalie pande zote mbili.

Nalisema hili kwa sababu kuna nususpishi isiyo na mstari huo kweli, *innotata*. Huyo ni wa kusini-mashariki mwa Myanmar, Thailand, Kambodia na kusini mwa Vietnam, na wakati wa baridi hufika Malaysia. Uttarakhand mwezi Mei si kwake. Picha 2 iandike *citrina* na usihangaike.

Kwa wenzangu wa huku kwetu: msimlinganishe na ndugu yake *Geokichla gurneyi* wa Usambara, Uluguru na Mlima Kenya. Huyo mgongo ni wa kahawia ya zeituni, bawani ana mistari miwili myeupe, na jicho limezungukwa na pete nyeupe iliyokatika. Wa Asia ana mstari mmoja tu.

Ndegemsitu
Asante sana. Sasa mgongo wa zeituni wa picha 3: ni jike?

Kidari_Chungwa
Inawezekana. Jike ana mgongo wenye kahawia au zeituni, na chungwa yake imefifia kidogo. Kinda ana michirizi ya hudhurungi hafifu mgongoni. Lakini usiamue jinsia kabla hujajiridhisha na rangi ya picha yenyewe.

Lenzi ya Kivulini
Hapo ndipo penye mtego. Mwanga unaopenya majani ni wa kijani, na kamera ikiachwa ijipangie rangi yenyewe, bluu-kijivu ya dume hugeuka zeituni. Madume wengi huitwa majike kwa sababu hiyo tu.

Dawa yake ndege anayo mwilini. Manyoya ya chini ya mkia ni meupe kwa jinsia zote. Fungua faili ghafi (RAW, ambayo kamera haijaichakata), chukua kipimo cha weupe (white balance) kwenye manyoya hayo, rekebisha, ndipo utazame mgongo. Ukibaki zeituni, ni jike. Ukirudi bluu, ni dume. Weupe uwe haujaungua, yaani haujazidiwa na mwanga, maana sehemu iliyoungua haina rangi ya kupimia. Punguza mwanga kwa theluthi mbili za hatua (stop ya kamera) tangu unapopiga. Hiyo pia inaokoa shavu la *cyanota*: weupe ukiungua, mistari huonekana myembamba kuliko ilivyo.

Kumpata: alfajiri au jioni, kwenye korongo lenye kivuli na unyevu. Kaa chini, usitembee. Utasikia majani makavu yakipinduliwa kabla hujamwona, maana anatafuta wadudu na minyoo chini yake. Ukimshtua huruka kimya hadi tawini na kuganda hapo bila kutikisika. Hesabu dakika tano kabla ya kusema ameondoka.

Ndegemsitu
Nimejaribu kwenye manyoya ya chini ya mkia. Mgongo umebaki zeituni, na bega lina mstari mweupe. Sauti yake ingenisaidia kuthibitisha nususpishi?

Mama Usambara
Basi ni jike wa *citrina*. Sauti haitakusaidia kwa hilo: wimbo ni mtamu na mrefu, lakini ndege huyu huiga wengine, hivyo tofauti unayoisikia huenda ameiokota kwa jirani.

Jambo moja ukija kupata za Java au Bali. Kule anaitwa *anis merah*, hukamatwa sana kwa ajili ya vizimba na mashindano ya kuimba. Ndege aliyetoroka kizimbani anaweza kuwa wa kisiwa kingine, kwa hiyo karibu na miji taja spishi tu, usitaje nususpishi. Na tafadhali, ukibandika picha yoyote ya huko, futa kwanza alama za mahali zilizomo kwenye faili. Wategaji nao husoma.