Mtambo wa maji kwenye meli ya kitalii: kwa nini usubiri bahari kuu?

Mtoto wa Uyole
Wakuu, habari za jioni. Mtu wa huku Mbeya anayejiandaa kwenda kazi ya chumba cha injini, meli ya kitalii, anaambiwa mtambo wa kutengeneza maji safi kutoka ya bahari hauwashwi mpaka meli iwe mbali na bandari. Kwani bahari si ile ile?

Fundi Pampu
Si ile ile, mdogo wangu. Maji ya gatini yana mafuta, tope na uchafu wa vyooni. Aina moja ya mtambo huchuja chumvi kwa utando; mafuta yakiugusa, umekwisha, na hausafishiki. Wengi husubiri maili 20 hivi kutoka pwani.

Aina ya pili ya mtambo huchemsha maji kwa joto la injini, ndani ya ombwe, yaani chombo kilichonyonywa hewa. Huku Mbeya milimani maharage yanachelewa kuiva kwa sababu hewa ni nyepesi na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mle ndani yanachemka kwenye 40 hadi 60. Chumvi inabaki, ila vijidudu vingine havifi. Kwa hiyo klorini ni lazima: miligramu 2 kwa lita yakiingia tangini, isipungue 0.2 bombani.

Bandarini injini hunywa maji ya bahari ya kuzipoza kwa mdomo wa juu ili zisivute tope. Mkitoka, hamieni wa chini, maana meli ikiyumba ule wa juu unavuta hewa. Joto la maji ya kupoza likipanda ghafla, angalia chujio la mdomo huo kwanza: mara nyingi ni mfuko wa plastiki umejibana kwenye matundu. Funga valvu zote mbili za chujio, fungua kijibomba cha hewa, hakikisha maji yamekata, ndipo ulegeze kifuniko. Ukiruka hapo unazamisha chumba cha injini.

Mama Tukuyu
Na maji ya vyooni nayo yanasubiri. Kwa MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, yasiyosafishwa hayamwagwi kabla ya maili 12 za baharini, karibu kilomita 22, na meli iwe inatembea, si chini ya maili 4 kwa saa. Plastiki haimwagwi popote, hata katikati ya bahari.

Mtoto wa Uyole
Ndaga fijo, asanteni sana. Je, meli za Kyela nazo zina mtambo huo?

Fundi Pampu
Wa kuondoa chumvi? Wa nini, Ziwa Nyasa ni maji baridi, hayana chumvi. Chujio na klorini tu. Ila la mfuko wa plastiki liko pale pale.