Milioni 6 za kikundi: hisa za Vodacom au za benki?

BintiKilosa
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Morogoro kimetenga milioni 6 tununue hisa pale DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, tuzikalie angalau miaka mitano. Kikao kimegawanyika. Wengine wanataka Vodacom: wanasema pesa ya nchi hii siku hizi inapita kwenye simu, data inakua, na mbele ndiko kuna mambo. Wengine wanataka CRDB au NMB kwa sababu gawio lao, yaani faida wanayowagawia wenye hisa, linaonekana. Mimi ni katibu, nimetumwa nilete hoja. Ahadi ya teknolojia tuipimeje mbele ya faida iliyokwisha kupatikana?

Mzee wa Mizania
Katibu, anza na mauzo ya 2017. Sheria ilizitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma, Vodacom ikauza hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja. Hisa zote ni bilioni 2.24, kwa hiyo kampuni nzima ilithaminiwa kama trilioni 1.9. Sasa piga hesabu: ili aliyelipa 850 apate gawio la asilimia 10, kampuni lazima igawe bilioni 190 kila mwaka. Mwaka ulioishia Machi 2021, baada ya laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole kuzimwa, ilitangaza hasara ya bilioni 30. Julai 2021 zikaja tozo za serikali kwenye miamala ya simu. Baadaye imerudi kwenye faida, na mwaka ulioishia Machi 2024 ilipata bilioni 53.4. Gawanya kwa hisa zote: ni kama shilingi 24 kwa hisa. Huduma ni nzuri na watu wanaitumia kila siku, ila bei ya 850 ilikuwa imekwisha kulipia mazuri ya miaka mingi ambayo yalikuwa hayajafika.

Halafu hilo la "pesa ya nchi inapita kwenye simu" naomba mlitazame vizuri kwenye kikao. Salio la wateja wa M-Pesa si mali ya Vodacom, linakaa benki kwenye akaunti maalumu zinazotunzwa kwa niaba ya wateja. Cha kampuni ni ada, na ada hiyo inamegwa: wakala ana kamisheni yake, serikali ina kodi yake, minara inataka umeme na matengenezo. Kinachobaki mwisho ndicho cha mwenye hisa. Ukiona mabilioni ya miamala kwenye tangazo, uliza ada halisi ni kiasi gani.

Nakuru_254
Mzee, hesabu zako nazikubali, lakini usiwafungie mlango. Huku Kenya Safaricom iliuzwa 2008 kwa shilingi 5 za kwetu, M-Pesa ikiwa imetimiza mwaka mmoja tu. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara nne. Mwaka uliofuata bei ikawa chini ya 3, na gawio la mwaka ulioishia Machi 2009 lilikuwa senti 10. Mtu wa kuangalia gawio pekee angeuza hapo. Mwaka 2021 hisa hiyo ilipita 40. Gawio la mwaka ulioishia Machi 2024 lilikuwa 1.20, yaani asilimia 24 ya mtaji wa aliyenunua kwa 5. Nani alipata hiyo kwenye akaunti ya akiba?

Tofauti ni kwamba Safaricom iliingia sokoni ikiwa tayari na faida. Mapato ya simu za kawaida ndiyo yaliyoilea M-Pesa hadi ikasimama. Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, iliingia soko la hisa la New York Aprili 2019 kwa dola 14.50, siku ya kwanza ikafunga juu ya 25, na Novemba mwaka huohuo ikafunga biashara Tanzania. Hadi 2024 haikuwahi kufunga mwaka kwa faida. Zote mbili zilikuwa teknolojia ya Afrika yenye wateja wengi mbele yake.

Fundi Seva
Mimi ni mtu wa mifumo na naipenda teknolojia, ila kuitabiri sawasawa hakutoshi. Mwaka 2000 waliosema intaneti itaenea duniani walisema kweli, na mitambo ya Cisco ndiyo iliyoisambaza. Bado aliyenunua Cisco kileleni Machi 2000 alisubiri zaidi ya miaka 20 kuiona bei ile tena.

Na kwa nini mnazitenga benki na teknolojia? SimBanking, yaani huduma ya CRDB kwenye simu, na mawakala wa benki ni teknolojia hiyohiyo. Wakala mwenye kibanda anapokea amana ambayo zamani ilihitaji tawi, mlinzi na keshia. Faida ya uvumbuzi mara nyingi huishia kwa anayeutumia.

Chausiku
Benki nazo msizifanye malaika. Faida ya CRDB ilishuka kutoka bilioni 74 mwaka 2016 hadi 36 mwaka 2017, mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kama ilivyokubaliwa, ndiyo iliyoila, na gawio likawa shilingi 5. Hisa ikauzwa chini ya 150, ambayo ndiyo bei iliyoanzia sokoni 2009. Kisha ikapanda: gawio la 17 kwa 2019, 22, 36, 45, hadi 50 kwa 2023. Anayeangalia mwaka mmoja tu angedanganyika mara zote mbili. NMB mwaka 2023 ilipata bilioni 545 kwa hisa milioni 500, yaani 1,090 kwa hisa, ikagawa 361. Theluthi mbili zilizobaki zinakuza mtaji wa kukopeshea. Fuatilieni uwiano wa mikopo chechefu kila robo mwaka, benki zinatangaza magazetini.

BintiKilosa
Asanteni sana. Naelekea kupendekeza milioni 4 kwa benki mbili, na 2 tuziweke kwa Vodacom ikiwa bei itakubaliana na faida kwa hisa. Tukianza na hesabu ya mzee, tuseme bei isizidi mara ngapi ya faida kwa hisa?

Mzee wa Mizania
Kwa kampuni ya simu hapa kwetu, mimi sizidi mara 12, na nataka kuona fedha taslimu zimebaki baada ya kujenga minara. Mwingine atakwambia 15. Kiamueni kikao, kiandikwe kwenye muhtasari kabla hamjaangalia bei ya siku. Dalali mpe bei ya kikomo, yaani ya juu kabisa mtakayolipa, maana soko letu lina wauzaji wachache, ukimwambia "ninunulie tu" unaweza kulipa zaidi. Na kumbukeni gawio linakatwa kodi ya zuio asilimia 5 kabla halijawafikia.

Chausiku
Akaunti ya CDS, ile ya kutunzia hisa, ifunguliwe kwa jina la kikundi, katibu, si la mweka hazina.