Nyota Pakanga kwenye riwaya: sayansi itaua unabii?

Swali: Naandika riwaya ya siku za mwisho. Mhusika wangu, mwanaastronomia mlokole, anaona asteroidi (mwamba wa angani) ikija na kukumbuka Ufunuo 8:11, nyota Pakanga inayotia uchungu theluthi ya maji. Sura ya tatu nimeifuta mara nne. Nikieleza sayansi yote, je, unabii utabaki na nguvu?

Jibu: Utabaki. Soma kuhusu asteroidi Apophis: 13 Aprili 2029 itapita kama kilomita 32,000 tu juu yetu, bila kutugonga. Ukaribu huo pekee unatetemesha.

Jibu: Ila usitaje siku ya kurudi kwa Bwana! Mathayo 24:36: hakuna aijuaye siku wala saa.

Muulizaji: Asanteni, wapendwa. Basi atakokotoa njia ya asteroidi hadi sekunde, kisha apige magoti asiijue saa. Hapo ndipo nilipokwama.