Mrejesho: kuchuja maji ya chumvi kwa utando, Lindi

Habari wakuu. Niliuliza namna ya kupunguza jasi (madini meupe yanayoganda sakafuni) na magnesiamu (inayofanya chumvi ivute unyevu) kwenye majaruba yetu ya chumvi hapa Lindi.

Ushauri wa kuchuja maji ya bahari kabla hayajaingia jarubani umejibu. Utando wa nanofilta (wenye vitundu vidogo mno) unapitisha chumvi yenyewe, unazuia salfeti (inayounda jasi) na sehemu kubwa ya magnesiamu. Gamba la jasi sakafuni limepungua sana, na chumvi haitoi tena jasho gunia likikaa.

Kwa maji mazito ya jaruba la mwisho, imeshindikana. Jasi iliganda juu ya utando, maji yakawa yanadondoka tone tone; hata asidi haikuiyeyusha. Msianzie huko.

Asanteni sana, hasa mliosisitiza chujio la mchanga litangulie: maji ya bamvua yana tope jingi.