Naomba ushauri: simu kukatika jioni kwenye mtandao wa faiba

Wanajamvi, ninasimamia mtandao mdogo wa faiba wa aina ya GPON, ambamo wateja 32 wanagawana uzi mmoja wenye uwezo wa takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde kushuka na 1.25 tu kupanda. Kila jioni, watu wanapopakia video, simu za zahanati tunayoihudumia hukatikakatika, na jambo hili linaninyima raha kwa kuwa wagonjwa huzitegemea. Nguvu ya mwanga unaoifikia zahanati ni dBm -21 (dBm ni kipimo cha nguvu hiyo), kiwango kinachotosha, kwa hiyo sidhani kwamba uzi una kasoro; nashuku mgao wa zamu za kupandisha data. Je, niitengee sauti ya simu kiwango cha kasi kisichobadilika, ambacho hupotea bure simu zikinyamaza, au kiwango cha uhakika ambacho wengine wanaweza kukiazima? Tena, nipimeje ucheleweshaji kabla ya kubadilisha chochote?