Familia ya Mayu, Nyakato 🐓

*Jumamosi*

Minza, 06:12
Mwangaluka familia. Shikamoo Mayu, shikamoo mjomba. Usiku kucha napiga hesabu. Sendofu ya Nyanzala ni tarehe 13 Desemba na kuku wa kununua wiki ile ya shughuli watatumaliza. Tufuge wenyewe, vifaranga 150, kwenye banda la Mayu. Wakiingia tarehe 3 Novemba, siku ya shughuli wana siku 40, tayari kwa kisu. Tuko watu 10, kila mtu laki na ishirini. Naomba majibu LEO, vifaranga vinawekewa oda mapema.

Minza, 08:40
Mmesoma watu 9 naona.

Shija, 09:03
Mimi nimesoma kwa jicho moja dada, usinihesabu 😂

Mama Happy, 09:20
Wazo zuri wifi. Ila watatosha mle?

Minza, 09:22
Banda ni mita 4 kwa 4. Mita moja ya mraba kuku 10, wanaenea. Chakula mifuko kumi na ushee ya kilo 50, stata na finisha. Ndiyo hela yote inaishia hapo, vifaranga wenyewe si kitu.

Mjomba Masanja, 10:55
Kuku wa wiki sita mfupa wake unautafuna kama biskuti. Nendeni Mwaloni mkanunue sato watu wale chakula.

Shija, 10:56
Mjomba firigisi 150 zote zitakuwa zako

Mjomba Masanja, 10:58
Hapo sasa tunaelewana.

Minza, 11:01
Jamani. Oda inafungwa Jumatano.

Dotto, 11:30
Chakula tuchanganye wenyewe. Pumba zipo, dagaa Mwaloni wamejaa.

Happy, 11:41
Baba, dagaa wakizidi nyama inanuka samaki. Na wale wa kuanikwa chini nusu gunia ni mchanga. Broila asipopata mlo wake kamili, hiyo tarehe 13 utachinja njiwa.

Shija, 11:42
Pilau la njiwa 😂😂 wakwe watasimulia mpaka Sengerema

Minza, 11:50
Happy ndiye atasimamia chanjo. Weka hapa ratiba watu waone tuko makini.

Happy, 12:04
Siku ya 7 kideri, ya 14 gumboro, ya 21 kideri tena. Zote za kwenye maji ya kunywa. Maji ya bomba hapana shangazi, ile dawa ya bomba inaua chanjo. Tutumie ya mvua kwenye tanki la bibi. Na siku hiyo tunawanyima maji kama saa moja na nusu kwanza, ili yakija wayagombanie na kila mmoja apate.

Minza, 12:10
Mnaona? Mtoto amejibu kuliko wazee wote humu. Kulwa, wewe ndiye uko hapo nyumbani. Utalala karibu na banda wiki mbili za kwanza. Na safari hii usilale.

Dotto, 12:13
*Ujumbe huu umefutwa*

Shija, 12:15
Dotto umefuta nini? Nilikuwa naweka simu chaji

Minza, 16:37
Kimya. Haya. Hela mtume kwenye namba yangu ileile.

Kulwa, 21:47
Shikamoo dada. Nilikuwa barabarani na abiria tangu asubuhi. "Safari hii usilale" maana yake nini?

Minza, 21:50
Marahaba. Kulwa tusirudi huko kwa 2021.

Kulwa, 21:51
Aliyerudi ni nani?

Dotto, 21:58
Mkaa ulikuwa uje Ijumaa. Niishie hapo.

Minza, 22:01
Nilikuwa na ada ya shule, mnajua wote. Na jiko halikuwa peke yake, kulikuwa na balbu mbili. Nilinunua mimi.

Kulwa, 22:03
Umeme ulikatika saa tano usiku dada. Balbu bila umeme ni pambo.

Shija, 22:06
Hivi lile turubai la msiba wa mzee lilishaonekana? Tungezungushia banda, Novemba mvua tupu, pumba za kutandika chini zikilowa mle ndani hata macho hufungui

Minza, 22:07
Shija.

Shija, 22:07
Nauliza tu

*Jumapili*

Happy, 07:24
Shikamooni wote. Bibi nimemsomea ujumbe wa jana wote, ameniambia niandike anavyosema nisipunguze.

Happy, 07:31
"Mimi nilikuwepo. Kulwa aliniamsha saa nane usiku kuomba mkaa. Mkaa haukuwepo. Tukachoma mabua, moshi ukawa mwingi, tukayatoa. Vifaranga walikwenda kwenye kona ya ukuta wa jikoni kutafuta joto wakapandana, wa chini wamekuwa bapa kama chapati. Kulwa aliwatoa mmoja mmoja akaniwekea kwenye beseni, tukahesabu 83. Wale 17 nilikaa nao kwenye kanga mpaka jua likatoka. Miaka yote hii mnasema alilala. Hakuna aliyeniuliza. Banda ni langu, vifaranga waje. Ila gunia mbili za mkaa ziwe ndani kabla yao. Na wiki ya kwanza Minza atakuja kulala hapa yeye mwenyewe, aione hiyo saa nane."

Mjomba Masanja, 09:48
Dada amesema.

Minza, 13:02
Shikamoo mama. Nimesikia.

Mama Happy, 13:30
Mimi naongeza la kona tu. Maboksi magumu tuyakunje duara kuzunguka jiko, wasipate pa kupandana. Na jiko liwashiwe nje mpaka mkaa ushike wote ndipo liingie. Usiku mtu anawaangalia: wakijikusanya kwenye jiko wanasikia baridi, wakikimbilia pembezoni na midomo wazi joto limezidi, wakitawanyika wanakula basi nenda kalale kidogo.

Shija, 13:34
Yaani kama sisi humu, Minza akiwaka tunakimbilia pembezoni

Dotto, 13:35
😂

Minza, 15:10
Waliotuma: Minza 120,000. Mama Happy 60,000. Mwisho wa orodha.

Shija, 15:12
Mimi mwisho wa mwezi dada, Dar hapa hali si hali

Minza, 15:13
Oda ni Jumatano Shija. Kifaranga hakisubiri mshahara.

Mjomba Masanja, 15:40
Mimi nitaleta jogoo mmoja wa kienyeji.

Minza, 15:41
Mjomba tunahitaji hela.

Mjomba Masanja, 15:52
Jogoo mkubwa.

Mama Happy, 17:05
Wifi, na ile wiki ya kwanza umejipangaje?

Minza, 18:20
Duka la Makoroboi namwachia nani? Nitaangalia ratiba. Labda nije jioni niondoke alfajiri. Nitaongea na mama kwa simu.

Happy, 18:26
Bibi anasema simu yake haina chaji.

*Jumatatu*

Minza, 06:30
Habari za asubuhi. Tarehe 3 au tupunguze wawe 100? Nani yuko tayari leo?

Dotto, 12:44
Nasoma.

Kulwa, 19:16
Nimefagia banda na kupaka chokaa. Maranda nimepata gunia 4 kwa seremala wa hapa Mabatini, kavu kabisa. Hela nimetoa mfukoni.

Mama Happy, 19:18
Asante sana shemeji 🙏🏾

Minza, 19:19
Risiti?

Kulwa, 19:40
Seremala hana risiti dada. Ana randa.